Bega la Nne

Kitu cha kwanza kilichomshtua Habumugisha ni kwamba machela ilikuwa nyepesi. Tangu wavuke kijito walikuwa wanaume watatu wakiibeba tipoyi ile ya mianzi: jirani zake Valens na Nsengimana mbele, yeye nyuma peke yake, miti miwili mabegani, na mkewe Byukusenge amelala katikati akiugulia uchungu wa mimba ya kwanza. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya mlima. Mvua ya mawe ilikuwa imeifanya njia nyeupe, ukungu umetanda, baridi inang'ata mpaka mifupani. Na ghafla bega lake la kushoto likapata nafuu.

Akageuza shingo. Mtu mrefu alikuwa ameshika mti wa kushoto, kofia ya koti imemfunika mpaka puani.

Hakushangaa sana. Milimani kwao, ukikutana na tipoyi unatua mzigo wako na unatoa bega, wala hakuna anayekuuliza jina. Na Habumugisha alikuwa mtu wa adabu, hata meno yakigongana.

"Aksanti, kaka," akasema. "Mutoto akizaliwa, utakuya kumubeba."

Ndivyo anavyoambiwa kila aliyetoa bega. Yule akaurekebisha mti begani.

"Habu," Byukusenge akanong'ona, "huyu muntu wa nyuma hapumue."

"Ni baridi tu, mama."

"Mudomo yako inatoka moshi. Yake hapana."

Habumugisha akatazama walikotoka, na juu ya ile barafu nyeupe kulikuwa na nyayo za watu watatu tu, na upande wa kushoto, pale yule alipokuwa akikanyaga, vijiwe vya barafu vilikuwa vizima, hata kimoja hakikusagika, na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi ikampanda puani, naye hakuthubutu kusimama kwa sababu mkewe alikuwa ameanza kutoka damu.

Walipofika langoni pa kituo, mti wa kushoto ukamwangukia begani. Nyuma hapakuwa na mtu. Mtoto alizaliwa salama, msichana.

Siku ya nane, Valens na Nsengimana wakaja kumpakata mtoto na kula maharage, kama ilivyo desturi. Nje jua lilikuwa kali. Ndani chai ikapoa kabla ya kunywewa, na harufu ile ya udongo ikajaa chumba kizima. Mapajani pa Nsengimana midomo ya mtoto ikawa ya bluu, na kitenge alichofungwa kikaanza kuinuka polepole upande mmoja, kama kwamba mkono umepenya chini yake.

Byukusenge akamnyakua, akamgeukia mumewe. "Ni wewe ulimuita! Ongea naye!"

Nsengimana akaanza Baba Yetu. Habumugisha akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Kaka, mutoto hapana. Nilisema utamubeba, lakini hatuwezi kumutoa. Bega inalipwa na bega. Kuya, sisi tutakubeba, tukurudishe kwako mulimani."

Wakaitandaza tipoyi sakafuni, tupu. Mianzi ikalia. Kamba zikakazika. Mtoto akaangua kilio, na rangi ikamrudia usoni.

Wale wanaume watatu wakaiinua ile tipoyi tupu, nzito kuliko ng'ombe dume, wakapanda nayo mlima.

"Asiseme muntu," Valens akaonya. "Hata neno moja. Ni neno lilimuleta kwetu."

Walipanda wakihema, vijiwe vya barafu vikaanza tena kudondoka migongoni mwao, mti wa kushoto ukamchimba Habumugisha mpaka damu, na kila hatua alimwona binti yake na midomo ile ya bluu, naye akakaza mwendo. Kileleni, uzito ukaondoka mara moja. Amepona, Habumugisha akawaza, mtoto wangu amepona. Na furaha ilimjaa mpaka akataka kucheka. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa kwake ulikuwa umelelewa vizuri.

"Aksanti, kaka," akasema. "Tutaonana."

Valens akafumba macho.

Kisha, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, sauti ikajibu kwa adabu ileile:

"Ndiyo, kaka. Tutaonana."