Maji ya Kuzimua

Fundi viatu alifanyia kazi barazani kwake. Alikuwa na kigoda, nyundo, sindano ndefu na kopo la gundi. Tangu asubuhi mpaka alasiri alishona soli za watu, na kazi za nyumba alizifanya hapo hapo katikati. Mkewe alikuwa mfagiaji wa soko. Alitoka jua halijachomoza, akarudi mchana miguu imemvimba. Kwa hiyo jiko lilikuwa la Fundi, na maji ya kunywa yalikuwa kazi yake.

Maji hayo aliyachemsha kila siku. Miaka miwili nyuma watu wa zahanati walipita mtaani na kipaza sauti. Walisema maji ya kunywa yachemshwe, naye akalishika neno hilo. Majirani walimtania.

"Fundi, leo unapika supu ya nini?"

"Supu ya maji," alijibu. "Njoo na kijiko chako."

Siku hizo alikuwa bado anajibu utani.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, golikipa wa timu ya watoto ya mtaa. Mpira ukifika mikononi mwake haukuchomoka, ndiyo maana wenzake walimwita Sumaku. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka mitano. Yeye alikaa nyuma ya goli la dada yake, kwenye tope, akimpigia kelele mpaka sauti ikakauka.

Mvua zilipoanza, mvulana akaanza kuharisha. Siku ya kwanza walidhani ni tumbo la kawaida, litatulia. Siku ya pili akatapika kila alichokula. Siku ya tatu macho yalikuwa yamezama, na alipolia hakutoka chozi. Fundi alimbeba mgongoni, akakimbia naye zahanati. Walikuwa wamechelewa. Mtoto alifariki saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa bado ndefu.

Wiki tatu baada ya maziko, Sumaku alisimama mlangoni amevaa bukta yake.

"Baba, kocha ameuliza kama nitarudi."

"Hapana."

"Kesho tu, baba."

"Nimesema hapana. Uwanja ule ndio uliomuua mdogo wako. Lile tope. Mbwa wanapita pale, watu wasio na haya wanajisaidia kwenye majani. Na yeye kila siku alikuwa ameketi palepale."

"Mimi pia nilikuwa palepale."

"Ndiyo maana nasema hapana." Fundi aliinamia kiatu alichokuwa akishona. "Sina mwingine."

Sumaku aliingia ndani. Alivua bukta, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

Nyumba ikawa kimya. Mchana Sumaku akirudi kutoka shule alikaa barazani, akawasikiliza wenzake wakipita na mpira. Kifuu, kijana mwenye kichwa kilichonyolewa ambaye hakuwa na simile, alimpigia kelele kutoka barabarani.

"Sumaku, siku hizi umekuwa mbao? Tumefungwa saba jana."

"Nyie mlifungwa saba hata nilipokuwepo."

"Sita. Usituonee."

Fundi alisikia binti yake akicheka kidogo. Ilimuuma. Aliinuka kwenda kumtengenezea maji. Sufuria ilikuwa ndiyo kwanza imetoka jikoni, na maji ya moto hayakati kiu ya mchana. Akajaza nusu kikombe. Halafu akachota maji ya baridi kwenye ndoo ya kisimani, akajazia kikombe mpaka juu.

"Nimekuzimulia," alisema. "Kunywa, mwanangu."

Alifanya hivyo siku zote. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, na maji yake yalikuwa meupe, baridi, hayana hata jani. Watoto wake waliyapenda hivyo. Hakutaka waungue midomo.

Siku chache baadaye Sumaku akaanza kuharisha.

Fundi alitupa kiatu chini. Alimshika binti yake mabegani.

"Umekwenda uwanjani kwa siri?"

"Sijaenda."

"Niambie kweli."

"Baba, sijaenda. Muulize mama. Waulize wote." Sasa alikuwa analia.

Safari hii hawakungoja. Mama alimfunga binti kanga, akampeleka zahanati siku ileile. Wakapewa paketi za unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi, na kuambiwa mtoto anywe kidogo kidogo bila kuacha, hata kama bado anaharisha. Baada ya siku tatu Sumaku alikuwa anakula tena. Lakini kuna jambo lililokuwa limemkaa kichwani. Hakulisema nyumbani.

Jumamosi Fundi aliinua macho kutoka kwenye kazi yake na kukuta baraza tupu. Akaangalia chini ya godoro. Bukta haikuwepo.

Alitoka na nyundo mkononi bila kujua ameishika. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kati ya vyoo na kisima, akakata kona ya kinu cha kusaga, akatokea nyuma ya goli. Alikuwa amejiandaa kumshika mtoto sikio mbele ya watu wote. Lakini alichokiona kilimsimamisha.

Goli lilikuwa na karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye mwamba wake wa juu. Juu yake ulichorwa mdomo wa mtu, umefunguliwa. Sumaku alisimama katikati ya goli. Mbele yake walisimama mabeki wanne, kila mmoja na kipande cha karatasi kifuani. Kocha alikuwa binti wa zahanati, mhudumu wa afya wa mtaa, yule ambaye raba zake Fundi alizishona mara mbili na bado zilikuwa zikicheka vidoleni. Filimbi ilining'inia shingoni mwake.

"Mpira huu ni nini?" aliuliza.

"Uchafu wa chooni," watoto waliitikia.

"Unataka kwenda wapi?"

"Mdomoni."

"Nani wanaupeleka?"

"Sisi vijidudu," alisema Kifuu kwa majivuno, akijipiga kifua.

"Wewe hata bila mchezo," beki mmoja alisema, na wote wakacheka.

Kocha alipuliza filimbi. Vijidudu wakaja na mpira. Beki wa kwanza aliitwa Choo Chenye Mfuniko. Wa pili Sabuni. Wa tatu Maji Yaliyochemshwa. Wa nne Chombo Kilichofunikwa. Mabeki wote wakiwa ndani, vijidudu walihangaika wakashindwa. Kocha akamtoa Sabuni, akamketisha pembeni. Mara moja mpira ukapita mahali pake, na Sumaku akaudaka kwa shida. Akamrudisha Sabuni.

"Umeona, Sumaku? Golikipa hata awe hodari, hawezi kufanya kazi ya watu wanne. Na wewe unayedaka uchafu wote kwa mikono, ukitoka hapa unafanya nini?"

"Nanawa kwa sabuni. Kabla sijashika chakula."

"Na ukitoka chooni. Twende tena."

"Kocha, ngoja." Sumaku aliushika mpira tumboni. "Nina swali. Sisi nyumbani Maji Yaliyochemshwa yupo kila siku. Baba hakosi. Halafu mimi siku hizi sikuja uwanjani, na bado niliharisha."

Kocha alisogea. "Maji mkishayachemsha mnayafanyaje?"

"Yanakuwa ya moto. Kwa hiyo baba anazimua."

"Anazimua kwa maji gani?"

"Ya kisimani. Nusu kwa nusu."

Watoto wote waliliona jibu kabla hawajaambiwa. Kocha aliingia katikati ya mabeki. Alimshika mkono beki mwenye karatasi ya Maji Yaliyochemshwa, akamtoa taratibu nje ya mstari. Halafu akamwashiria Kifuu aendelee.

Kifuu hakutaka. "Kocha, si haki. Ametoka kuumwa huyu."

"Piga, tuone."

Alipiga kwa upole. Mpira ulipita pale pengo lilipokuwa. Sumaku hakunyoosha mikono. Ulivuka mstari, ukapita chini ya mdomo uliochorwa, ukaviringika polepole mpaka miguuni mwa Fundi, ukatulia.

Hapo ndipo wote walipomwona.

Sumaku aligeuka. "Baba," alisema. Fundi alitazama mpira ule kama kitu asichokijua. Nyundo ilikuwa nzito mkononi.

Kocha aliwapa watoto ruhusa wakanawe. Akamfuata Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye jiwe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Aliilaza nyundo chini. "Maji ya kisima kile ni meupe, binti yangu. Unaona mpaka chini."

"Ni meupe kweli. Lakini vijidudu havionekani kwa macho. Umepita pale sasa hivi. Kutoka vyoo vile mpaka kisimani ni hatua ngapi?"

Fundi alifikiri. "Kama kumi na mbili."

"Mvua ikinyesha, ya chooni yanapenya ardhini, yanakwenda kisimani. Ukichemsha, unaviua vijidudu. Ukizimua kwa maji mabichi, unavirudisha. Kikombe kizima kinakuwa kama hakikuchemshwa."

"Kwa hiyo ni mimi." Alisema taratibu. "Yule mdogo. Nilikuwa namzimulia kwa mkono wangu mwenyewe."

Kocha alikaa kando yake. Alikuwa binti mdogo, na hakuwa na maneno makubwa.

"Sijui, Fundi. Yanaweza kuwa maji. Inaweza kuwa mikono, au chakula kilichotuliwa na nzi, au hata tope, kama ulivyodhani. Hakuna atakayejua tena. Nikikwambia si maji nitakuwa nakudanganya, na nikikwambia ndiyo, pia nitakuwa nakudanganya. Ninachojua ni kwamba ulimpa ukidhani ni mazuri."

"Hilo halinisaidii."

"Najua."

Watoto walikuwa wakinawa kwenye dumu lenye tundu, wakigombania sabuni.

"Niambie nifanyeje," Fundi alisema mwisho.

"Chemsha mpaka yatokote vizuri. Funika. Yaache yapoe humohumo, usiongeze hata tone. Yakipoa, mimina kwenye chombo safi chenye mfuniko, na bora kiwe na bomba, ili mtu asichovye kikombe wala mkono. Chemsha jioni, mnywe kesho. Ukikuta bado ya moto, mngoje."

"Mngoje tu."

"Mngoje tu. Hakuna njia ya mkato, Fundi."

Nyumbani, mkewe alikuwa ameketi uani, ameloweka miguu kwenye beseni. Fundi alichuchumaa mbele yake.

"Nataka kukwambia jambo. Yale maji nilikuwa nazimua. Kwa ya kisimani. Binti wa zahanati anasema ni sawa na kutochemsha kabisa."

Mkewe hakuinua uso. Alisugua kisigino kwa jiwe kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Ukimzimulia, ukionja wewe kwanza kama yamepoa. Nilikuwa nasema moyoni, mume wangu ana huruma."

"Laiti ungenikataza."

"Ningekukataza kwa lipi? Nami sikujua, baba watoto." Ndipo akalia. Fundi akamkausha miguu kwa kanga, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kesho yake Fundi alitoboa ndoo kuukuu yenye mfuniko, akaifungia bomba la plastiki, akaziba pembeni kwa kipande cha mpira wa soli. Ilivuja siku mbili, siku ya tatu ikakubali. Sumaku alirudi golini. Sharti lilikuwa moja: akifika nyumbani ananawa kwa sabuni kabla hajagusa chochote. Yeye alinawa mpaka viwiko, akawalazimisha na wengine.

Fundi hakuwa mtu wa kusema na watu tangu msiba. Lakini kisima kilikuwa cha nyumba tisa. Alikwenda mlango kwa mlango, kofia mkononi, akieleza. Kwenye mlango wa tatu jirani alimuuliza, "Na wewe umejuaje?" Akasema, "Nilikuwa nazimua." Hawakumtania tena kuhusu supu ya maji.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja nzito. Maji ya kisima yalibaki meupe kama zamani, na mtoto wa nyumba ya pembeni aliyanywa akaanza kuharisha. Fundi ndiye aliyewahimiza wazazi wa mtoto huyo: msimnyime maji, mpelekeni leo hii, msisubiri kesho. Walimpeleka. Aliumwa, akapona.

Wiki ya tano ya mvua, timu ilitoka mazoezini ikiwa imelowa, ikajaa barazani kwa Fundi. Maji ya ndoo yenye bomba yalikuwa yamekwisha. Sufuria ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi, mvuke ukipenya pembeni mwa mfuniko.

"Fundi, tunakufa kwa kiu," alisema Kifuu. "Tuzimulie kidogo tu. Robo."

"Kaeni," Fundi alisema. "Tutangoja."

Wakakaa, wakisukumana, wakilaumiana mabao. Wote kumi na mmoja walikuwepo, na wadogo zao wanaowafuata. Fundi aliendelea kushona. Kila baada ya muda alinyoosha mkono, akagusa ubavu wa sufuria, akatikisa kichwa.

Mara ya nne haikumchoma. Akaweka kiatu chini, akanawa mikono, akafungua mfuniko, akayamimina maji kwenye ndoo yenye bomba. Kikombe cha kwanza alimpa aliyekuwa mdogo kuliko wote, akamtazama mpaka akamaliza.