Mtungi Chini ya Kitanda cha Bi Zamda

Kila asubuhi Severa alifagia ua wa nyumba waliyopanga Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, huku mdogo wake Marcelino akinyunyiza maji ili vumbi lisipande. Ijumaa ile ya likizo ua ulinukia ndizi na ulezi. Mama yao, Euphrasia, alikuwa amepata ruhusa ya serikali ya kupika mbege, pombe ya kwao Uchagani, kwa sababu keshokutwa mdogo wao mchanga angebatizwa. Kwao, mgeni wa ubatizo asipopewa mbege huona hakukaribishwa.

"Na Baba atakunywa?" Marcelino aliuliza.

"Baba atakunywa chai. Wewe mwaga maji!" Mama alijibu, akachukua kikapu kwenda sokoni.

Baba yao, Gaudens, alikuwa mlevi zamani. Alipokuwa mlinzi wa ghala la mbao alilala amelewa, taa ya chemli ikaanguka, mbao zikaungua, akafukuzwa. Tangu hapo hakuonja tena, na sasa Mzee Chandu alimwachia hata ufunguo wa duka lake la vitambaa. Lakini alikuwa ameomba kazi kubwa zaidi: kushika funguo za ghala la baruti bandarini. Kazi hiyo haipewi mtu hivi hivi. Kwanza askari huja mtaani kuwauliza majirani: huyu bwana yukoje? Anakunywa?

Mara Marcelino aliingia mbio. "Dada! Sajini yuko pale kona, anauliza nyumba yetu!"

"Mungu wangu! Akiuona mtungi huu wa mbege, Baba kakosa kazi. Shika huku!"

"Tunaupeleka wapi?"

"Kwa Bi Zamda. Nani atatafuta pombe kwa mtu wa swala tano?"

Bi Zamda, mwenye nyumba, alikuwa chumbani anaswali. Watoto wakausukuma mtungi chini ya kitanda cha kamba pale ukumbini, wakajibanza nyuma ya mlango.

Kumbe Sajini Sadalla alianza na Bi Zamda! Alibisha hodi, Bi Zamda akatoka na kumkaribisha akae juu ya kitanda kile kile.

"Bi Zamda, nimekuja kuuliza habari za Bwana Gaudens."

Chini yake kitu kikalia: bwi, bwi, bwi.

"Una paka?" Sajini aliuliza.

"Sina paka mie."

Pu! Jani la mgomba lililofunika mtungi likafyatuka, povu likamwagika juu ya viatu vya Sajini.

"Bi Zamda! Unaficha pombe?"

"Mimi? Astaghfirullahi! Nimetoka kwenye mswala sasa hivi!"

"Basi utakwenda kueleza kituoni."

Severa alimwona bibi wa watu machozi yanamlenga. Yeye Severa akinyamaza, Baba atapata kazi. Lakini alitoka nyuma ya mlango.

"Shikamoo, Sajini. Mtungi ni wetu. Ni wa ubatizo, na tuna ruhusa. Nimeuficha mimi kwa sababu... kwa sababu Baba zamani alikuwa analewa, akaunguza mbao. Lakini ameacha!"

Sajini alifuta viatu taratibu. "Marahaba. Baba yako aliniambia hayo yote jana, wala sikumuuliza. Nimekuja kuona kama ni kweli. Aliyekunywa akaacha, akasema mwenyewe, tunaweza kumfikiria. Anayeficha, baruti hatumpi. Ungenyamaza, binti, ningerudi kusema nyumba hii inaficha, maana nani asiyejua mbege ni ya Uchagani?"

"Na ukumbi wangu je?" Bi Zamda alifoka. "Severa, utadeki mpaka nijione uso sakafuni!"

Hata Sajini alicheka.

Jumapili, wageni wakiimba uani, Sajini alikuja amevaa kanzu. "Gaudens, kesho njoo uchukue funguo." Vigelegele vikapasua ua! Mjomba Kasmir akamnyooshea Baba kata ya mbege. Baba akatikisa kichwa, akainua kikombe chake cha chai.

Mama akawavuta Severa na Marcelino kando. "Mmeona, wanangu? Baba yenu aliacha pombe zamani, lakini juzi pombe ile ile ilitaka kumfungia mlango. Naogopa sana kwa ajili yenu. Msiianze kabisa. Na ukikosea, sema. Ukificha, atateseka asiyehusika."

"Huyo asiyehusika ni mimi," Bi Zamda alidakia, akivuta kigoda chake mbali na mtungi. "Nileteeni chai, na sukari iwe nyingi!"