Kitufe cha Kitandani

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta, shemeji yake alimwita azime kikompyuta kilichopiga kengele jikoni kila mama yake shemeji, sasa marehemu, alipobonyeza kitufe cha kitandani wakati wa ugonjwa wake, polepole, mara tatu.

Chumba cha marehemu kilikuwa na giza. Mapazia hayakufunguliwa tangu mazishi. Fundi akasimamisha programu, akaandika daftarini kama ilivyo desturi ya kazi: "Saa sita, imezimwa."

Kengele ikalia, mara tatu.

"Saa sita na dakika moja, imejiwasha." Akakata waya wa kitufe, akakitia mfukoni, akachomoa na umeme.

"Shemeji, umezima kweli?" shemeji yake akauliza kutoka jikoni.

"Nimezima, shemeji. Sina kingine cha kuzima."

Kengele ikalia. Kalamu ikamganda mkononi, kwa sababu mle mfukoni kitufe kilikuwa kikibonyea na kuachia, polepole.