Kila Chuma na Siku Yake

Sokoni Mulongwe, mjini Uvira, Jumamosi saa nne asubuhi, watu hawatembei. Wanasukumwa tu, wanajikuta wamefika. Ndivyo Chadrack alivyofika mbele ya meza ya Olive. Mama mmoja mwenye beseni la ndagala kichwani alimpiga kikumbo cha kiuno, na kiuno chenyewe hakikuwa cha kubishana nacho. Chadrack akajishika kwenye meza asianguke, mkono wake ukatua juu ya kle ya zamani, spana nzito nyeusi ambayo kwa miaka mitatu Olive aliitumia kuzuia nailoni isipeperushwe na upepo wa ziwa.

Akaiinua. Akaigeuza. Akainusa.

"Hiyo si mukate, kaka," Olive akamwambia. "Inunue kwanza, ndiyo uile."

Chadrack akainua macho. Alikuwa kijana mrefu wa salopeti ya kifundi ya buluu iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake, na masikio yaliyosimama kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Mbele yake akaona dada wa miaka ishirini na sita, kikwembe cha kijani chenye ndege wa manjano, kitambaa cha kichwa cha aina ileile, kucha nyekundu zenye grisi pembeni. Olive alirithi meza hiyo ya nati na vyuma kwa baba yake, fundi wa magari. Wanawake wenzake waliuza vikwembe na mafuta ya mawese, wakamcheka, lakini hapakuwa na mtu Uvira nzima aliyeweza kama yeye kutofautisha nati ya kumi na ya kumi na moja kwa jicho tu.

"Ni ya kipimo gani?" Chadrack akauliza, kwa sauti ya mtu anayepita njia.

"Kipimo cha kushika nailoni. Haiingie ku nati yoyote ya Uvira. Nimeijaribu ku pikipiki, ku kamyo, hata ku mulango wa kanisa."

"Basi ni ya bule."

"Kama ni ya bule, juu ya nini hujaiachilia?"

Sokoni kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa kunyonya anaijua: anayeonyesha kwamba anakitaka kitu, atakilipa mara mbili. Chadrack akaiweka kle chini polepole. Akauliza bei ya bisibisi. Akauliza bei ya bolti mbili. Akapiga miayo. Olive akayatazama macho yake, akaona hayana hata tone la chozi. Na miayo isiyotoa chozi ni miayo ya mnunuzi.

"Sema kweli, kaka. Ni ya nini?"

Chadrack akacheka, akashindwa kujizuia. Pale Kimanga, akasema, ndani ya kiwanja cha Mama Geneviève, iko gari moja ndogo ya Kiingereza, ya mbio, viti viwili, haina paa, imefunikwa na turubai tangu wao wawili hawajazaliwa. Kuku wanatagia ndani yake. Nati zake zote ni za inchi. Na gari za namna hiyo zilitoka kiwandani kila moja na vyombo vyake, vimekunjwa ndani ya mufuko wa turubai, kila chombo na kijumba chake, kama watoto wa mama mumoja kitandani.

"Mufuko kama ule ukionekana..." Akajikumbuka, akapiga miayo tena. "Lakini sina haraka. Ntapita tu."

Olive aliufahamu mfuko huo. Mfuko ule ulikuwa chini ya kitanda cha mama yake. Baba yake, akiwa kijana, alikuwa fundi wa Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba. Mwaka serikali ilipowanyang'anya wageni maduka, Mgiriki akafunga sanduku moja, akarudi kwao. Gari likaenda kwa mume wa Mama Geneviève, na vyombo akampa fundi wake mkononi, kama kwaheri. Kle ya nailoni ilitoka humo.

Olive akafungua mdomo aseme, *iko kwetu, yote*. Halafu akamwona Chadrack akiifuta ile kle kwa mkono wa shati lake mwenyewe kabla ya kuirudisha mezani, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Wanaume wangapi walishafika kwenye meza hii? Wananunua, wanakwenda. Atakayepewa mfuko mzima, atakwenda na mfuko mzima.

Akafunga mdomo. Akaufungua upya, umeshabadilika.

"Ntakutafutia," akasema. "Lakini kimoja kimoja. Vyombo hivyo vimesambaa. Kimoja eko nacho muntu wa Makobola, kingine Bwegera. Kila chuma na siku yake."

"Na hii ya leo, bei?"

"Mikeke mbili za kuchoma, na ndizi."

"Mbili! Tumbo yako ni kamyo?"

"Moja yangu, moja yako. Ama weye unakulaka peke yako kama polisi?"

Wakala mikeke, samaki wa ziwa lile, pale Kalundu, karibu na maji, milima ya Burundi ikiwatazama kutoka ng'ambo kama majirani wasio na kazi. Chadrack alimtolea Olive miiba kwa vidole vyake vya fundi. Kuanzia siku hiyo, Olive akawa mwongo wa kutegemewa. Kila Ijumaa jioni alitoa chombo kimoja chini ya kitanda, akakipaka vumbi ili kionekane kimesafiri. Bisibisi ilitoka Makobola. Chuma cha kutolea tairi kilitoka Bwegera, "ku muzee mumoja anakitumiaka kufunga mbuzi." Pampu ya grisi ilitoka Katogota, na safari yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba Olive mwenyewe alichoka kuisimulia.

Na katikati ya juma, simu ya Olive.

"Allo, fundi wangu."

"Tangu lini niko wako?"

"Tangu unakula samaki na minye mbele ya batu. Kalundu yote inajua."

"Kalundu inasema nini?"

"Inasema masikio yako ni makubwa."

"Na weye unasema nini?"

"Minye nayapenda. Ukitembea mbele yangu, napata kivuli."

Alisema *nayapenda*, masikio. Kumwambia mwenye masikio kwamba anampenda, hilo lilimshinda. Kila akikata simu alihesabu vijumba vya ule mfuko: vilikuwa kumi. Saba vilikuwa wazi sasa. Vimebaki vitatu: koleo, kle ya buji, yaani plagi, na nyundo ya shaba. Hiyo nyundo aliiweka ya mwisho, tena haikuwa chini ya kitanda. Mama yake, Mama Agathe, aliitumia uani kupasulia kokwa za mawese.

Alhamisi moja Olive akalala na malaria. Chadrack hakumwona sokoni, akauliza njia, akafika kwao Kalimabenge na machungwa sita na Fanta, shati limepigwa pasi. Mama Agathe alikuwa amekaa kwenye kibao, anapasua kokwa: pa, pa, pa. Chadrack akamwamkia kwa heshima, mikono miwili. Halafu macho yake yakaangukia nyundo.

"Mama, samahani. Hiyo nyundo ilitoka wapi?"

"Hii? Ya marehemu. Iko na bandugu zake chini ya kitanda, ngoja." Mama Agathe alifurahi kupata mgeni anayejali mambo ya marehemu. Akaingia, akatoka na mfuko wa turubai, akaukunjua kwenye mkeka. "Olive amenikataza kuugusa. Anasema kila chuma na siku yake. Sijue ana maana gani."

Olive alisikia jina lake, akatoka chumbani amejifunga kikwembe, jasho la homa usoni. Alimkuta Chadrack amechuchumaa mbele ya mfuko, anapitisha kidole kwenye vijumba, kimoja kimoja.

"Kumbe Makobola ni hapa," Chadrack akasema, bila kuinua kichwa. "Na Bwegera ni chini ya kitanda."

"Chadrack, ngoja..."

"Antoine anakuja Jumamosi. Ni muzee wa Bujumbura mwenye kununua ile gari. Amesema gari na vyombo vyake vyote kumi, ama hachukue kitu. Ikiuzwa, Mama Geneviève ananipa hangari yake ya kando ya barabara. Minye natengeneza pikipiki ku jua, Olive, nafukuzwa kila siku kama mbwa. Wiki saba namutuliza yule muzee ku simu, namwambia vyombo viko njiani. Kumbe njia yenyewe ni hatua kumi!"

"Juu ya nini haukuniambia una haraka?"

"Na weye juu ya nini haukuniambia unavyo?"

Kwa watu waliokulia sokoni, jibu lilikuwa moja, na wote wawili walilijua.

"Umenichezesha," Chadrack akasema, akasimama.

"Chukua vilivyobaki. Chukua vyote, sitaki kitu."

"Vibaki. Sichukue tena kitu mu mikono yako."

Akamuaga Mama Agathe kwa heshima ileile, mikono miwili, akaenda. Machungwa yakabaki kwenye mkeka.

"Huyo ni nani?" Mama Agathe akauliza, nyundo mkononi.

"Ni mukwe wako, Mama."

"Mukwe? Mbona anaenda?"

Olive akapiga simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Chadrack, nisikilize..."

"Umekosea numero, madame. Hapa ni Makobola."

Ikakatwa. Olive akalia mpaka homa yenyewe ikaona aibu, ikapungua. Kesho yake mama yake alimletea uji, akakaa pembeni ya kitanda.

"Ulimwambia unamupenda?"

"Mama! Mwanamuke anasemaka hivyo?"

"Minye baba yako nilimwambia mwenyewe. Alikuwa amelala chini ya kamyo, hakuweza kukimbia."

Jumamosi asubuhi Olive alioga, akavaa kikwembe chake cha zambarau cha sikukuu na viatu vya kisigino, akafunga vyombo vitatu ndani ya mfuko wao, akapanda pikipiki mpaka Kimanga. Akamwambia motari, mwenye pikipiki, amngoje nje. Ikiwa mambo yatakuwa mabaya, hakutaka kulilia njiani kwa miguu, tena kwa visigino.

Turubai lilikuwa limeondolewa. Gari lilikuwa la kijani, fupi, pua ndefu, limeinama chini kama paka anayevizia panya. Mama Geneviève, mnene na mtulivu, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Antoine, mzee mdogo wa kofia nyeupe, alikuwa ameshashika mkoba wake aondoke. Chadrack uso wake ulikuwa kama duka siku ya maombolezo.

Olive hakusalimu hata. Akaukunjua mfuko chini, mbele ya gurudumu. Chadrack akamtazama, akamtazama mzee, kisha kimya kimya akaleta vile saba, akavitia kwenye vijumba vyao. Antoine akapiga magoti, kofia pembeni, akagusa kimoja kimoja. Alipofika kwenye nyundo akashtuka. Uso wa shaba ulikuwa umejaa mashimo kama mtu aliyeugua ndui.

"Nani aliitesa hivi?"

"Mama yangu," Olive akasema. "Kokwa za mawese. Miaka makumi mbili."

Chadrack akafumba macho.

Antoine akaipima uzito mkononi. Magurudumu ya gari lile yalifungwa kila moja kwa nati moja tu ya katikati, kubwa, inayong'aa, yenye masikio mawili ya kupigwa. Mzee akalipiga sikio la nati mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nati ikalia, ikazunguka. Akaifuta kwa kidole gumba, akaitazama kwa karibu: haikuwa na hata mkwaruzo.

"Shaba ni laini," akasema. "Inaumia yenyewe, nati ibaki nzima. Nyundo yangu ya kwanza mwanangu aliipigilia misumari, na niliisamehe. Hii ndiyo yenyewe. Mama, tuandike karatasi."

Mama Geneviève, bila haraka, akatoa ufunguo wa hangari kifuani, akamrushia Chadrack. Chadrack akaudaka. Akamgeukia Olive, lakini akaangalia viatu vyake.

"Asante, madame."

Hilo *madame* lilimchoma kuliko sindano za malaria. Olive akainamisha kichwa, akatembea mpaka getini. Motari akawasha pikipiki. Olive akashika kiti apande. Akakiachilia. Akarudi, visigino vikizama kwenye mchanga.

"Chadrack."

"Nasikia."

"Makobola sikuenda. Bwegera sikuenda. Vumbi nilikuwa naipaka na mukono wangu."

"Vumbi gani?" Antoine akauliza.

"Nyamaza, muzee," Mama Geneviève akamwambia.

"Sikuwa nakuchezesha. Sikuwa nataka samaki... ndiyo, samaki nilitaka pia, ni tamu. Lakini nilikuwa nakutaka weye. Nilihesabu vyombo, nikaona viko kumi, nikasema basi, niko na wiki kumi. Niliogopa wiki ya kumi na moja, Chadrack. Ni hiyo tu."

Chadrack akachukua tambara, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi.

"Jumanne moja nilikuja kukuuliza nati za kumi na tatu," akasema taratibu. "Sikuwa na kazi nazo. Kwetu ziko ndoo nzima."

"Basi..."

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ile ya katikati."

"Umesikia."

"Minye nimesikia. Lakini muzee Antoine hajasikia vizuri."

Antoine, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kabisa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Olive akavuta pumzi, akalisema kwa ile sauti yake ya kuitia wanunuzi, mpaka nje ya geti motari akazima injini asikie mwisho wake.

Chadrack akatoa simu, akabonyeza.

"Unaita nani?"

"Mama yako. Nimwambie kesho nyuma ya misa nakuja na baba mudogo."

"Numero yake umeitoa wapi?"

"Alinipigia jana. Mara nne."

Simu ikapokelewa kabla haijalia sawasawa, na sauti ya Mama Agathe ikajaa kiwanja chote:

"Amesema?"

"Amesema, Mama."

"Vizuri. Na weye umejibu nini?"

Chadrack akalishika tena lile tambara. Mama Geneviève akageuza kiti chake cha plastiki aone vizuri. Antoine akavaa kofia yake, kama mtu anayejiandaa kwa jambo rasmi.

"Mwanangu, nakungoja. Unite zako za simu ndizo zinaisha, si zangu."

Chadrack akakohoa, akanyoosha salopeti, akamtazama Olive machoni, akaanza kusema. Unite zikaisha katikati ya neno, Mama Agathe akabaki akiita allo, allo, peke yake kule Kalimabenge. Lakini Chadrack hakuacha. Akaendelea mpaka mwisho, na Olive alisikia lote.