Dirisha Bado Linatumika

"Linatumiwa na nani?"

Ogweno aliisukuma fomu juu ya meza mpaka ikagusa mkono wa Evelina. Ilikuwa fomu ya tatu kurudishwa mwaka ule wa 1995, na zote ziliomba jambo moja: ruhusa ya kubadilisha dirisha la juu, upande wa barabarani, nyumba ya Mama Akumu. Chini ya kila fomu palikuwa na mwandiko uleule mzuri wa kike: *Imekataliwa. Dirisha bado linatumika.*

"Shemeji, nakuuliza kwa heshima. Chumba kimefungwa miaka mitano. Linatumiwa na nani?"

"Hapa ni ofisini, Ogweno. Punguza sauti."

"Sijaomba alumini. Mimi fundi seremala, nimeomba mvule, mbao za mlalo kama zilezile. Hili la sasa limeliwa na mchwa. Litaua mtu."

"Nimeshaandika."

"Umeandika. Hujajibu."

Akaichukua fomu yake, akaikunja mara nne, akatoka.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila aliyepata chochote kwenye minofu ya sangara alitaka kung'oa mbao za wazee wake aweke vioo. Kazi ya Evelina katika ofisi ya ujenzi ya mji ilikuwa kupita mtaa wa zamani, nyumba kwa nyumba, kupima na kuamua dirisha lipi ling'olewe, na jipya lifanane vipi na la kwanza. Hakuwa mtu wa kuonea, na wenye nyumba walimheshimu. Ila akifika kwa Mama Akumu, akili zote alikuwa anaziacha mlangoni.

Kisa ni Kevin, mwana wa Mama Akumu na kaka yake Ogweno, aliyekuwa mchumba wa Evelina. Asubuhi moja ya mwaka 1990, posa imeshapokelewa, Kevin alichungulia kwenye dirisha lile akamkuta Evelina barabarani, anakwenda kazini.

"Navuka Ukerewe kununua sangara," alimwambia. "Jioni ukipita ukaliona dirisha liko wazi, ujue nimefika."

Mtumbwi wa injini ulipinduka. Wenzake wanne walipatikana, wawili hai, wawili maiti. Kevin ziwa lilimmeza na halikumtapika.

Miezi mitatu Evelina alipita akaliona dirisha limefungwa. Halafu jioni moja, saa kumi na mbili kamili, alilikuta wazi. Alipanda ngazi mbio, akagonga mlango wa chumba mpaka vidole vikachubuka. Umefungwa, ndani kimya. Asubuhi yake dirisha lilikuwa limekomewa. Jioni likawa wazi tena. Ikawa hivyo kila siku, miaka mitano, naye akaacha kupanda. Alikuwa anasimama barabarani, anatazama, anasema polepole, "Umefika," kisha anakwenda kwao kulala.

Wachumba wengine walikuja. Unamwoaje mwanamke ambaye kila jioni anakwenda kumpokea mwanamume mwingine?

Jumatano simu ya mezani ililia. Alikuwa Mzee Mhoja, mkuu wake wa kazi.

"Evelina, kipande cha mbao kimeanguka jana kutoka dirisha la Mama Akumu. Justa muuza dagaa kakikosa kwa shibiri moja."

"Nimesikia, mzee."

"Basi kesho nenda ukalikague kwa ndani. Ijumaa nataka saini yako. Usiposaini, nasaini mimi."

Alhamisi akaenda. Alichagua kuchelewa, na sababu anaijua mwenyewe. Mama Akumu alikuwa chini sebuleni, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, imevimba kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona dirisha au umekuja kumwona yeye?"

Evelina alitazama ngazi.

"Keti kwanza. Kwetu Wajaluo mtu akipotea ziwani asionekane, hatumwachi hivyo. Tunachukua yago, lile tunda refu la mwegea, tunalivika nguo zake, tunalilia, tunalizika kama mwenyewe. Asipozikwa anazunguka. Hana kaburi la kuingia, anarudi palepale alipozoea."

"Mbona hamkumzika, mama?"

"Si nilikuambia mwaka ule wa kwanza? Ukanijibu, 'Mama, Kevin anarudi kila jioni.' Nani atazika mtu ambaye mchumba wake bado anamwona?"

Juu yao ubao ulilia. Kwek. Halafu tena, kwek, hatua za mtu anayetembea taratibu kuelekea upande wa dirisha. Evelina alitazama saa yake ya mkononi. Kumi na mbili kasoro dakika moja.

Alipanda ngazi ameshika ukuta, na safari hii mlango ulikuwa wazi. Kitanda cha Kevin kilitandikwa shuka zilezile. Shati lake la bluu lilining'inia msumarini. Na dirishani, amempa mgongo, mwanamume mrefu alikuwa anavuta komeo.

"Kevin," alisema.

Mwanamume aligeuka. Alikuwa Ogweno.

Mwanga wa jioni ukaingia chumbani.

"Ni wewe," Evelina alisema. "Miaka yote hii ni wewe?"

"Nisikilize, shemeji."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Hakujikinga.

"Nimekataa waume kwa ajili ya dirisha hili. Nimesimama pale chini na mvua. Unanitazama tu, unanicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja. Ile miezi ya kwanza nilikuona pale barabarani, unalitazama limefungwa, unalia hadharani, watu wanakupita. Siku moja nikaingia kupunga hewa, nikalifungua, nikasahau kulifunga. Ukapanda mbio, ukagonga mlango mpaka ukachoka, na uliposhuka ukalitazama tena. Ukatabasamu, Evelina. Nilikuwa sijaliona tabasamu lako tangu msiba. Kesho yake nikafungua tena. Nikadhani wiki moja tu, upone. Basi nikashindwa kuacha, na nikashindwa kusema."

"Na hizo fomu?"

"Nilitaka dirisha jipya ili nilifunge na nisilifungue tena. Nilitaka umkatae Kevin, usinikatae mimi. Nakupenda. Nakupenda tangu sijui lini, na kila jioni nimekuwa nakufungulia mwanamume mwingine."

Evelina aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hasira ilikuwapo, aibu ilikuwapo, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitaka. Alikuwa anahesabu kichwani.

"Mwezi wa tano ulikuwa wapi?"

"Shirati. Wiki tatu, napaua kanisa."

"Ufunguo?"

"Ninao huu mmoja tu. Nilikuwa nao mfukoni."

"Ogweno, mwezi wa tano nilipita hapa kila siku. Lilikuwa wazi."

"Labda mama."

"Mama hajapanda ngazi hizi tangu mwaka juzi."

Walitazamana. Shati la bluu lilitikisika kidogo pale msumarini, na huko nje hakukuwa na upepo. Ogweno aliondoa mkono wake kwenye komeo kama mtu aliyeunguzwa. Walishuka pamoja, wameshikana bila kujua nani amemshika mwenzake.

Mama Akumu hakuuliza. Alisema tu, "Leteni lile shati lake. Sasa tumzike."

Ijumaa asubuhi Evelina alimpigia simu Mzee Mhoja kutoka posta.

"Mzee, naomba wiki moja. Naenda msibani."

"Pole sana. Msiba wa nani?"

"Wa mchumba wangu."

"Amefariki lini?"

"Mwaka wa tisini."

Mikwaruzo ilipita kwenye simu.

"Nenda, mwanangu," mzee alisema. "Kamzike."

Walimzika Rorya, nyumbani kwa ukoo wa kina Kevin, kina Okwach, ubavuni mwa kaburi la baba yake. Yago lilikuwa zito kuliko Evelina alivyotarajia. Alilivika shati la bluu yeye mwenyewe, akafunga vifungo kimoja kimoja, na kwenye kifungo cha mwisho akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia, kilio cha mjane. Wanawake walimwacha alie. Mzee wa ukoo aliliita jina la Kevin mara tatu kuelekea ziwani, akasema, "Kwako ni hapa. Acha kuzunguka." Evelina akarusha udongo.

Wiki iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro, alisimama mahali pake palepale barabarani. Ogweno alikuja akasimama kando yake, ufunguo ameushika kiganjani ili auone.

"Shemeji, tungoje?"

"Tungoje."

Kumi na mbili ikafika. Justa akapita na beseni lake, akawasalimu. Kumi na mbili na robo. Giza likaanza kushuka kwenye mawe ya kilimani. Dirisha lilikuwa limefungwa, la zamani, bovu, dirisha tu. Evelina alilia tena, kidogo, kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akatoa karatasi mkobani.

"Shika. Usiku utaingia hujaisoma."

Ogweno aliisogeza karibu na macho. *Imekubaliwa. Dirisha halitumiki tena. Mwenyewe amefika nyumbani.*

"Ahsante, shemeji."

"Kofi lile sijaliombea msamaha, na siliombi. Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Ila shemeji yako tumemzika na Kevin. Usiniite hivyo tena."

Ogweno aliikunja fomu, safari hii mara moja tu, akaiweka mfuko wa shati. Alihangaika na maneno mpaka akapata yaliyo karibu na kazi yake.

"Mvule ninao tayari. Jumamosi napachika. Sasa hilo jipya, nani atalifungua?"

"Mimi," Evelina alisema. "Nitalifungua asubuhi, hewa iingie chumbani. Na jioni nitalifunga mapema kwa sababu ya mbu, kama watu wengine wote wa mtaa huu."