Aliyeandika kwa Sikio

Jumapili soko la Kibuye hufurika, na ni katika kusukumana huko Ogola, mhadhiri wa Kichina cha kale, aliposimama mbele ya sufuria za Mzee Wanjohi. Aliyeuza ni Waringa, bintiye mzee, rinda la manjano na raba nyeupe. Ogola akauliza bei, akasahau sufuria. Waringa akakiona kitabu kwapani mwake.

"Hiyo kitabu ni ya Kichina? Unasoma ama unabeba tu?"

"Nasoma. Maandishi ya kale, yalinakiliwa kwa mkono. Natafuta mwandishi aliteleza wapi."

"Kumbe unalipwa kusumbua watu walikufa zamani?"

"Hawajalalamika bado."

Waringa akacheka, na mhadhiri wa watu akaisha.

Mwaka uliofuata walitaka kuoana. Waringa akaenda kuzungumza na babake, na jioni ujumbe ukaingia: "Baba amesema hataki mahali yako hapa."

Basi, mzee hamtaki. Ogola alizima simu, akajifungia na maandishi yake, akaumia kama mtoto.

Jumamosi alikwama kwenye sentensi moja: mtu fulani "aliamka kiroboto". Dawa yake aliijua. Katika Kichina cha kale maneno ya kiroboto na mapema yalikaribiana kwa sauti, na mwandishi aliandika alivyosikia. Usitazame alama, sikiliza mdomo. Hapo akausikia mdomo wa Waringa, mtoto wa Othaya huko milimani, ambaye r na l hazijawahi kukaa mahali pake. Akaiwasha simu, akampigia.

"Umekumbuka kuna mtu anaitwa Waringa?"

"Jaber, mrembo wangu, baba hataki nini hapa?"

"Mahali. Si nilikuandikia?"

"Mahali ya kukaa, ama mahari, ile ya mbuzi na ng'ombe?"

"Ya mbuzi. Anasema Kisumu tumepanga tu, hawezi pokea mbuzi kwa ploti ya watu. Muipeleke Othaya, kwa boma ya guka, babu yangu. Kwani ulidhani nini?"

"Nilidhani nimefukuzwa."

"Ogola, na mimi nimelia nikidhani umetoroka."

Ogola aliketi chini sakafuni, akacheka. "Mpenzi, mambo ya ndoa uwe unanipigia."

"Nitakupigia mpaka uchoke. Ngoja, mzee anataka simu."

Sauti nzito ikaingia. "Ogola, baridi ya Othaya unaijua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi ambia watu wako wabebe jaketi."

Siku zote Ogola alikuwa amemwita Mzee.

"Ndio, Baba."