Zamu ya Maji ya Mama Joshua

Nililia kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo duniani, asubuhi ileile niliyoyanyima maji maharage ya rafiki yangu.

Nina miaka arobaini na sita, mjane, sina mtoto. Ninaishi kijijini Mhezi, milimani. Mama Joshua, mjane mwenzangu, ndiye mtu pekee aliyekuwa akinigongea mlango.

Huku kwetu maji ya kumwagilia hujikusanya ndivani, bwawa letu la udongo, na kila shamba lina zamu yake mara moja kwa wiki. Shamba langu liko juu ya la Mama Joshua. Ikifika saa tatu asubuhi naziba mlango wangu wa mfereji kwa udongo na vigogo vya migomba, maji yanateremka kwake.

Alhamisi ile alikuwa anakwenda Same, kliniki ya presha.

“Naetwe, nigeuzie maji,” aliniambia. “Maharage yangu yametoa maua. Na huyo Salma wako mwambie asubiri, au aje tulime naye.”

Alikuwa akinitania. Salma ni mtu wa hadithi niliyokuwa nikiisoma kwenye simu. Siku ile alikuwa jangwani, ametelekezwa na mumewe, anatafuta maji. Nilikaa ukingoni mwa mfereji nikasoma, nikalia... Nilipoinua kichwa ilikuwa saa sita. Ndiva ilikuwa tupu. Shamba langu limegeuka tope.

Mama Joshua aliporudi alikwenda moja kwa moja shambani, akashika udongo. Nikamwambia mfereji ulipasuka.

“Ulipasuka kuelekea kwako?” aliuliza taratibu.

Nikasema ndiyo. Kwa nini sikusema kweli? Huku kwetu mwizi wa maji hasahauliki, nami niliogopa kumpoteza. Hakubishana. Aliondoka bila kuniaga.

Maua yakapukutika. Kabla zamu nyingine haijafika, alifunga mlango akateremka Same kwa mwanawe Joshua.

Nilikaa na uongo wangu siku kumi na moja. Hakuna aliyenigongea. Siku ya kumi na mbili nilisimama kwenye kikao cha maji nikasema yote. Nikapewa adhabu ya kusafisha mfereji peke yangu, nikausafisha. Kisha nikampigia simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Na yule Salma,” akauliza, “alipata maji?”

“Sijui, dada. Sijasoma tena.”

Akakata simu.

Wasomaji wenzangu, siwaambii muache hadithi. Mimi bado nazipenda, na Salma bado namwonea huruma. Lakini mtu wa hadithi hata ukimwacha katikati ya ukurasa, utamkuta palepale. Jirani hasubiri. Inua kichwa uangalie mfereji. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kweli ya siku ya kwanza huuma. Ya siku ya kumi na mbili humkuta mtu ameshahama.

Leo ni Alhamisi tena. Saa tatu nimeziba mlango wangu, nimegeuzia maji shambani kwa Mama Joshua, kama ninavyofanya kila wiki. Hakuna kilichopandwa. Kufuli bado iko mlangoni kwake.